Kijana wa Juu ya Mapaa

Mashine ya gemu ilifika kwetu Nkende ikiwa imeviringishwa ndani ya blanketi la mtoto. Binamu wa mume wangu, anayeuza nguo Sirari, alikuwa amejipatia mpya, hii ya zamani akampa mume wangu. Mume wangu akaniambia ni ya watoto, waichezee likizoni. Watoto wetu wawili wanasoma bweni na likizo ilikuwa bado mbali. Jioni hiyohiyo akaiunganisha kwenye televisheni, eti kuhakikisha kama inafanya kazi, na wiki nzima iliyofuata aliendelea kuhakikisha.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha, kwa hiyo gemu lile nililiona lote kabla sijaligusa. Kuna kijana mwembamba mwenye shati la kijani na mfuko mgongoni. Kazi yake ni kupita juu ya mapaa ya mji mkubwa, kutoka sokoni mpaka kwenye tangi la maji lililo juu ya jengo refu kuliko yote. Hapigani na mtu. Anakimbia, anaruka kutoka paa hadi paa, anadaka ukingo kwa vidole, anajivuta juu. Akiukimbilia ukuta kwa kasi, anapiga hatua kadhaa juu ya ukuta wenyewe, kwa ubavu, kabla hajaanza kuanguka. Akiruka kutoka juu sana, inabidi ubonyeze kitufe anapogusa chini ili ajibingirishe. Usipobonyeza anapiga magoti na kasi yote inakwisha.

Mume wangu alikwama mahali pamoja. Kati ya paa la kiwanda cha mikate na jengo lililofuata palikuwa na ukuta mtupu. Ilibidi kijana aukimbilie ule ukuta, apande kwa ubavu, halafu aruke kutoka hapo adake bomba la maji. Mume wangu alibonyeza vitufe vyote, akainua na mabega yake mwenyewe kumsaidia, lakini kijana alianguka tu.

"Gemu lenyewe bovu," akasema.

"Unamharakisha," nikamjibu huku nashona. "Unabonyeza kabla mguu wake haujafika ukutani."

Akageuka kuniangalia. "Haya, njoo wewe."

Nikaacha sketi ya mteja kwenye cherehani, nikaketi karibu naye. Mwanzoni nilimwangusha kijana kama yeye tu. Halafu nikaanza kuelewa. Kijana haruki unapobonyeza, anaruka hatua yake inapokwisha. Ukibonyeza mapema, anaruka akiwa bado hajajikusanya. Na kabla ya kukimbia unatakiwa kugeuza macho ya gemu yatazame unakokwenda. Sisi tulikuwa tunamtazama kijana, hatutazami bomba. Miguu yangu imezoea pedali ya cherehani, najua ukiikanyaga kwa hasira uzi unakatika. Nikageuza macho kwenye bomba, nikamwachia akimbie, nikangoja. Akapanda ukuta hatua moja, mbili, nikabonyeza. Akaruka, mikono ikadaka bomba.

Mume wangu alinyanyuka akatoka nje kuangalia kuku, ingawa kuku walikuwa wameshalala. Aliporudi akaketi palepale na kusema kwa sauti ndogo, "Hebu nionyeshe tena."

Basi tukawa tunacheza wawili. Yeye alikuwa mzuri wa kupanda, mimi nilikuwa mzuri wa kuruka, na pedi ya vitufe tunayoshika mkononi ilikuwa moja. Tulikuwa tunapokezana kila paa.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Nyanungu kutibiwa goti. Angekaa kwetu mpaka dawa zake ziishe. Ni mama anayeamka kabla ya jogoo, ana ng'ombe wake na shamba lake, na sijawahi kuiona mikono yake ikiwa mitupu. Siku aliyofika niliificha pedi kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Niliona aibu. Mke wa mtu, mama wa watoto wakubwa, achezee gemu mchana mbele ya mama mkwe?

Nikavumilia siku kadhaa. Mchana mmoja alikuwa amelala chumbani, mume wangu yuko kazini, na sketi zote nimemaliza. Nikaitoa pedi, nikapunguza sauti. Kijana alikuwa katikati ya ubao mwembamba juu ya mtaa nilipoisikia fimbo ya mama mkwe ikigonga nyuma yangu.

"Huyo anakimbia nini?"

Nilishtuka mpaka nikamwamkia upya. "Shikamoo mama."

"Marahaba, si tumeamkiana asubuhi? Nakuuliza, huyo anakimbia nini? Ameiba ng'ombe?"

"Hapana mama. Anapeleka mzigo."

"Mji wote huo hauna barabara?"

Kabla sijajibu, kidole kikateleza na kijana akaanguka katikati ya nyumba mbili. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja. "Uuwi! Mtoto wa watu!"

"Usijali mama, anarudi."

Kweli, kioo kikawa cheusi kidogo, kijana akatokea tena mwanzoni mwa ubao, shati lake safi. Mama mkwe akamsogelea kumtazama vizuri.

"Amefufuka?"

"Ndiyo mama."

"Anafufuka mara ngapi?"

"Kila akianguka."

Alifikiri. Ni mama wa kanisa, nikadhani sasa nitasomewa Biblia. Badala yake akavuta kiti, akanyoosha goti lake juu ya stuli na kusema, "Basi endelea, lakini usimwangushe tena."

Jioni nilikuwa jikoni nasonga ugali, roho juu, nikingoja kusikia atakavyonishtaki kwa mwanawe. Nikamsikia akimwambia, "Mura, mwanangu, mke wako anamrusha yule kijana vizuri. Wewe unamwangusha sana, nimeambiwa."

"Nani amekuambia?" mume wangu akauliza.

"Si mke wako!"

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mwiko ukanitoka mkononi.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha wakati tukiwa kanisani. Tulipotoka, mtaro ulio kabla ya nyumba yetu ulikuwa umejaa maji mekundu, na ule ubao tunaovukia ulikuwa umekwenda na maji. Watu walikuwa wanazunguka kupitia uani kwa jirani. Mume wangu akasimama akiupima mtaro kwa macho. Niliyajua yale macho.

"Usifanye," nikamwambia.

"Ni parefu kidogo tu. Nitazameni."

Akarudi nyuma, akatazama ng'ambo kama nilivyomfundisha, akakimbia. Alikuwa na shati lake jeupe la kanisani na viatu alivyovipaka rangi asubuhi. Kwa kweli aliruka vizuri. Alipita juu ya maji yote, akatua ng'ambo kwa miguu miwili, salama kabisa. Halafu, mbele ya majirani na mama yake mzazi, akajibingirisha kwenye tope.

Akainuka amekuwa mwekundu kuanzia kisogoni mpaka kiunoni.

"Umeumia?" mama yake akapaza sauti kutoka upande wetu.

"Hapana mama!"

"Sasa umejibingirisha kwa nini?"

Alisimama pale akijitazama mikono, naye akaonekana kushangaa kama sisi. Mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea bega langu, machozi yakimtoka, fimbo imemwanguka. Majirani nao wakacheka, hata wale waliokuwa wanavumilia kwa heshima. Mwishowe mume wangu mwenyewe akachuchumaa palepale, akacheka.

Nilimpeleka mama mkwe kupitia uani kwa jirani. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache kucheka upya.

Siku hiyo mchana, baada ya chakula, mume wangu alikuwa nje anafua shati lake. Mimi nilikuwa nimebandika maharage ya jioni jikoni. Mama mkwe akanyoosha mkono. "Nipe hicho kidude."

Nikamwekea pedi mikononi, nikamwonyesha kidole gumba kinakaa wapi. Kijana alikuwa juu ya paa pana karibu na tangi, amebakiza kama mapaa manne. Nikamwambia, "Ukibonyeza hapa anakimbia, hapa anaruka."

"Na asipokimbia?"

"Usipobonyeza anatembea tu."

Basi akamtembeza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona yule kijana akitembea. Akampeleka polepole mpaka kwenye kamba za nguo zilizoanikwa juu ya paa, akampitisha katikati ya mashuka. Akaona kuna mti mdogo ndani ya ndoo, akasimama kuutazama. "Nani anamwagilia?" akauliza. Sikujua. Akampeleka kwenye ukingo, si kuruka, kutazama tu chini, na kule chini kulikuwa na watu wadogo wanaokwenda sokoni, na mto, na madaraja, vitu ambavyo sisi tumevipita mbio kila siku.

"Mahali pazuri hivi," akasema, "na mtu anapita anakimbia."

Mume wangu akaingia, mikono imejaa povu, akasimama mlangoni. "Mama, tangi ndilo lile! Mpeleke kule!"

"Tangi litakuja. Hebu keti."

Akaketi. Kulikuwa na njiwa kwenye pembe ya paa. Mama mkwe akamsogeza kijana hatua kwa hatua mpaka njiwa wakaruka wote pamoja, wakazunguka juu ya mji na kurudi kutua. Akamrudisha nyuma, akawasogelea tena ili waruke tena. Kila waliporuka alicheka kidogo puani.

Harufu ya maharage kuungua ikaanza kuingia sebuleni.

"Nenda," mume wangu akaninong'oneza.

"Nenda wewe."

Akanitazama, akamtazama mama yake, akatazama njiwa. Kisha akainuka, akaenda yeye.