Mpanga Viti wa Upatanisho

Afisa wa upatanisho hamwachii mtu mwingine kazi ya kupanga viti. Huviweka mduara mwenyewe katika ukumbi wa mtaa wa Tena, akivipangusa kimoja kimoja kwa leso yake, na sauti yake ni ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Yurub, muuza madera wa mtaa wa Tassia, alikuja ameapa moyoni kutosema neno. Mbele yake aliketi msichana wa miaka kumi na sita, yule aliyembana vidole kwa mlango wa chuma wa duka akikimbia na furushi la madera. Vidole viwili havikunjiki hadi leo. Afisa hakuwaharakisha, aliinama, mikono magotini, akangoja. Na kweli, ule ukimya ukamshinda msichana. Alilia, akaushika ule mkono mbovu kama anayeshika yai, akasema, "Mama, nilikusikia ukipiga nduru, na bado nikasukuma." Mwaka mzima Yurub alikuwa akilingoja neno hilo. Naye akalia.

Afisa aliishusha simu yake, akaitazama, akaguna. Alilinyoosha bango la wafadhili ukutani, akasogeza viti viwili karibu nalo, akavipangusa. "Picha haikutoka vizuri," alisema, kwa sauti ileile ya kubembeleza. "Shikaneni tena. Mama, huo mkono ulioumia uonekane." Msichana akajifuta pua, akamgeukia afisa kwa adabu kama mwanafunzi. "Na kulia, nilie tena?"

Afisa alifikiri kidogo. "Ukiweza."