Mguu wa Kanali

Asahel, karani wa mahakama, alikuwa ameuzoea mguu wa wakili mmoja, Kanali wa zamani wa jeshi. Kila asubuhi wakili huyo alipanda ngazi mbili mbili, tumbaku shavuni. Lakini wale raia kumi na wawili wa kuamua kesi wakishakaa tu, mguu wa kushoto, kumbukumbu ya jeraha la vita vya Kaskazini na Kusini huko Marekani, unaanza kuchechemea, na sauti inashuka hadi wakulima hao wanapangusa macho. Kwenye pikiniki ya kampeni alichechemea vilevile kwa fimbo hadi jukwaani, akiomba kura za kwenda Bungeni. Ndipo koplo wake wa zamani, mdomo umejaa pai ya tufaha, akapaza sauti: "Kanali wangu! Si nilikubeba mwenyewe? Risasi ilipiga mguu wa kulia!"

Kanali akaitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine. "Kweli, ndugu yangu. Wa kulia ukalala kitandani kama bwana harusi. Huu maskini ndio uliombeba mwenzake miaka kumi. Sasa niambie, upi una haki ya kuchechemea?" Watu walicheka hadi wakaangusha sahani, fidla zikalia, naye akatupa fimbo akacheza na koplo. Asahel, mtu wa chama kingine tangu kuzaliwa, akajikuta anapiga makofi. Jumatatu mahakamani Kanali alichechemea kama kawaida, safari hii mguu wa kulia.