Dume Jekundu na Benchi la Zahanati

Miaka ile ya soko huria, dawa za mifugo zilipoanza kuuzwa hata kwenye maduka madogo ya Mabatini, mjini ng'ambo ya ziwa, nilikuwa nesi mpya kwenye zahanati moja huko Sengerema. Nilikuwa na ulimi mkali na subira ndogo, na aliyenimalizia hiyo subira ni jirani yangu mmoja mfugaji.

Mkewe alikuwa ameharibikiwa mimba mbili. Ya tatu ilipoingia nikampima, nikakuta kaswende, nikamchoma sindano. Mume hakutaka kusikia habari ya kupimwa.

"Mimi mzima, mwanangu," alisema. "Nalima, nakula, nalala. Mchome mama huyo."

Nilijua atamwambukiza tena, na mtoto wa tatu naye tutampoteza. Nilikosa raha kabisa.

Mtu huyo alikuwa na dume jekundu la ng'ombe lililosifika vijiji vitatu. Aliliazimisha kwa yeyote mwenye majike, bure, kwa ajili ya sifa tu. Mwaka huo majike yakaanza kutupa mimba. Akavuka kwa kivuko cha Kigongo, akarudi na chupa za dawa, akayachoma majike yote. Dume hakuligusa, maana lilikuwa linang'aa.

Siku bwana mifugo alipoleta majibu ya vipimo vya ng'ombe wale, nami nilikuwa pale nimefuata maziwa. Alisema ugonjwa uko kwa dume.

"Hili? Halijawahi hata kukohoa."

"Ndiyo ujanja wenyewe, mzee. Vijidudu vikali vinavyolilaza dume chini hufa nalo palepale, havifiki kwa jike. Vilivyosalia ni vile vipole, vinavyoliacha linenepe na kutembea. Hivyo ndivyo vimezaana mpaka leo. Tibu dume na kila jike lililokutana nalo, usibakize."

Mzee akalitazama dume lake, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Akaenda kulifunga dume kamba.

Jumatatu alikuja zahanati amevaa shati la kanisani. Nyuma yake alikuja mkewe, na nyuma ya mkewe mwanamke muuza samaki wa Kigongo, ambaye mke hakuwahi kumwona.

"Bwana mifugo alisema tusibakize," mzee akanong'ona.

Mke alimtazama yule mgeni, akasogea kwenye benchi, akampa nafasi. Mumewe hakusogezewa.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana, mwenye kelele kama zangu. Nilimpokea kwa mikono yangu nikalia kwa furaha bila aibu. Nilipotoka kutoa habari, muuza samaki alikuwa kwenye benchi na chungu cha supu ya sato kwa ajili ya mzazi. Kando yake palikuwa wazi. Mzee alikuwa amesimama.