Taarifa ya Mwalimu Mkuu na Neno Nisilolisema

Siku yangu ya kwanza kazini, katika skuli moja ya mtaa wa Mpendae, Mwalimu Mkuu, mwanamke asiyepoteza neno, alinikabidhi Kidato cha Pili na mada ya usemi wa taarifa, yaani namna Kiingereza kinavyosimulia maneno ya mtu pasi na kuyanukuu. Aliniarifu kwamba nilikuwa katika muda wa majaribio. Wiki ya pili angeketi nyuma ya darasa langu, na taarifa yake kwa Mkaguzi ndiyo ingeamua kama nitathibitishwa kazini au nitarejea nyumbani.

Nilikuwa nimelelewa chuoni, kwa maalimu wa Kurani, ambako tulisomeshwa kwamba maneno ya mtu ni amana: huyafikishi kwa mwengine ila kama yalivyotamkwa. Sasa nilitakiwa nifundishe kwamba "mimi" huwa "yeye", "leo" huwa "siku ile", na njeo, yaani wakati wa kitendo, hurudi nyuma hatua moja. Kanuni niliihifadhi, sikuifahamu.

Siku ilipofika, Mwalimu Mkuu akiwa ameketi nyuma, nilimwinua Mwanakhamis, mtoto wa kisiwa cha Tumbatu aliyekaa mjini kwa shangazi yake, asimulie kwa Kiingereza alichoambiwa na bibi yake kwa simu asubuhi ile, kwamba anaumwa. Alisimama, akasema kwa Kiswahili:

"Mwalimu, bibi kasema anaumwa leo. Nkisema alikuwa akiumwa siku ile, si watu watadhani keshapona? Au nshamzika?"

Darasa likacheka, mmoja akauliza hitima ya kumsomea bibi ni lini. Mwanakhamis hakucheka. Alitaka kujua nani kawapa Waingereza ruhusa ya kuyageuza maneno ya bibi yake.

"Sijui, mwanangu," nikamjibu.

Ofisini Mwalimu Mkuu hakunigombeza. Aliniuliza kama kweli sijui, nikakiri.

"Basi nenda kafundishe," akasema. "La kuandika nnalijua mimi."

Nilithibitishwa. Kanuni ile niliifundisha mpaka nikastaafu; wanafunzi walifaulu, nami nikabaki na swali la Mwanakhamis.

Mwaka huu, nilipokabidhiwa jalada langu la kazi, niliisoma taarifa ile kwa mara ya kwanza. Imeandikwa, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mwalimu alieleza kuwa suala hilo lilihitaji utafiti zaidi. Njeo imerudi nyuma barabara. Lakini hilo sikulisema. Umri wangu wote wa kazi umesimama juu yake, na hata sasa sijui kama nimshukuru marehemu Mwalimu Mkuu kwa hisani yake, au nimwombee maghufira kwa kunizulia neno.