Kosa 28

Syombua alikuwa karani wa ghala la mbegu pale Tawa, na mwaka wa 1992 hakuna kitu alichokipenda kazini kama kompyuta. Wafadhili wa Nairobi walikuwa wameileta, ikakalia meza ya taipureta, na ilifanya kazi asubuhi tu, jenereta ikiwa imewashwa. Mchana Syombua aliifunika kwa kitambaa cha maua alichokifuma kwa mkono wake, na Mutie wa stoo akamuuliza kama ataibeba mgongoni pia.

Taabu ilikuwa kwenye programu ya ofisi. Ilikuwa imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Ukambani, na ikikwama ilikufa papo hapo, ikaacha neno na namba: KOSA 3. Au KOSA 19. Maelezo ya namba hizo yalikuja kwenye karatasi, karatasi ikafungiwa kabatini, na kabati la mbao Tawa ni mali ya mchwa kabla halijawa lako.

Meneja, Mzee Musembi, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, angevumilia. Lakini Jumatatu moja walikuja wakulima wa Mbooni, akaketi mwenyewe awaonyeshe orodha ya mbegu, naye akatupiwa KOSA 21 mbele ya wageni.

"Mtu mzima naambiwa nimekosa," akasema walipokwisha kuondoka, "na hata sijasalimiwa. Ijumaa lori ya Nairobi ikikuja, hii kitu irudi kwa wenyewe. Andika barua, Syombua."

Syombua alienda nyuma ya ghala akalia. Hakuona haya kulia. Mtu hujifunza taipureta miaka kumi na miwili, halafu mashine inayofuta kosa bila kuacha alama inamjia, halafu inachukuliwa? Lakini machozi yalipokauka, maneno ya mzee yalikuwa bado masikioni. Hata sijasalimiwa. Akaanza kucheka peke yake, na Mutie akachungulia kuona kama jua limempata.

Alikuwa na kitabu chembamba kisicho na jalada, alichoachiwa na mwalimu wa hesabu. Kilifundisha lugha ya assembly, ile iliyo karibu kabisa na mashine, isiyo na heshima wala maamkizi: sogeza hiki, linganisha na kile, zikifanana ruka pale. Syombua angeandika kiprogramu kidogo kwa lugha hiyo. Unaandika KOSA, unaongeza namba, nacho kinakupa maana. Ila kwanza kitakusalimu, kwa sababu Tawa hakuna anayekuletea habari mbaya kabla ya kukuuliza kama u mzima.

Sasa maana zenyewe angezitoa wapi, na mchwa wamekwisha kuzila? Ndipo ilipoanza raha. Jumanne yote Syombua aliiharibia mashine kazi makusudi. Alifungua mlango wa diski katikati ya kazi: ikasema 21. Akaandika. Alibandika ile karatasi nyeusi inayozuia diski kuandikwa: 19. Akaandika. Aliita faili ambayo haijazaliwa, akapewa 2. Kila kosa jipya alilipokea kwa kupiga makofi.

"Dada," Mutie akasema, "wengine tunafutwa kazi kwa hiyo tu."

"Wewe huna namba," Syombua akamjibu.

Jumatano alikijaribu. Kwenye lugha hiyo kila ujumbe hufungwa kwa alama ya dola, mashine ijue pa kunyamaza, naye katika furaha yake alizisahau zote. Akauliza kosa la 2, na kompyuta ikamsalimu, ikamwambia faili haipo, na mlango wa diski uko wazi, na diski imezuiwa kuandikwa, kisha ikaendelea na vikorokoro visivyosomeka huku ikipiga filimbi, kama shangazi aliyerudi kutoka Kitui na habari za mwaka mzima. Syombua alicheka hadi akakaa sakafuni. Akatia dola zake.

Alhamisi ilibaki printa. Alitoa karatasi, akapewa 28, akaiandika na maana yake kwenye kiprogramu, na jenereta ikazimwa. Akaenda nyumbani akiimba sauti ya pili ya wimbo ambao hauna sauti ya pili.

Ijumaa lori ilifika mapema. Mzee Musembi akaketi aichapishe mwenyewe ile barua aliyomwagiza Syombua aandike, akabonyeza, na kioo kikaandika KOSA 28. Syombua akaitazama printa. Karatasi hakuwa ameirudisha.

"Unaona?" mzee akasema.

"Mzee, iulize," Syombua akasema. "Andika KOSA na hiyo namba tu."

Mzee akaandika kwa kidole kimoja. Kioo kikamuuliza kwa Kikamba kama u mzima, kisha kikajibu: WI MUSEO, MZEE. POLE NA KAZI. HAKUNA ALIYEKOSA. KARATASI IMEISHA.

Kuhusu aliyekosa, kompyuta ilikuwa inamfichia mtu siri. Lakini Mzee Musembi alikuwa ameinamisha kichwa kidogo.

"Nĩ mũseo," akakijibu kioo kwamba ni mzima, kwa sauti anayowawekea wakwe. Mutie akatazama paa. Mzee akatia karatasi kwa mkono wake, akafungua programu upya, na barua ikatoka ikikwaruza. Akaisoma yote: tunarudisha mashine hii kwa sababu haina adabu.

Nje lori ikapiga honi. Mzee akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni.

"Mutie, mwambie dereva aende." Kisha akamgeukia Syombua, akishusha sauti. "Hiyo kitu yako. Inaweza kuuliza pia habari ya mama watoto?"

Syombua akapiga hesabu ya herufi haraka haraka. "Nafasi iko, mzee."

"Basi iulize. Anaumwa mguu tangu Jumapili, na hapa ofisini hakuna mtu ameniuliza."