Jino Lililoteleza Kwenye Bati

Nilipokuwa mtoto, kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, jino la maziwa halikuwa jambo la mtoto peke yake. Likishang'oka lilikuwa la nyumba nzima. Mama alilisuuza, akakuwekea jino kiganjani, nawe ukasimama uani ukiipa nyumba mgongo na kulirusha juu ya paa kupitia begani. Ulisema, "Panya, kamata yako ya kuoza, uniletee yangu ya mupya," kisha ukaenda zako bila kugeuka. Jino likikaa juu, mambo yamekwisha. Likirudi chini, wakubwa walitazamana.

Maneno hayo tulifundishwa na Kaku, bibi yangu mzaa mama, ambaye aliletwa Lubumbashi kutoka Kasai akiwa msichana. Kila tulipokwenda kwake Bel-Air alitufunua midomo kama mtu anayenunua mbuzi, akacheka, akatuambia lipi litafuata kung'oka. Kwa hiyo nilipolitoa jino langu la kwanza la juu, sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha Kaku pengo.

Nililirusha asubuhi, kabla ya shule. Nikalisikia likigonga bati, kisha likaanza kuteleza, taratibu, mpaka likadondoka kwenye sementi mbele ya miguu yangu. Kabla sijainama, kuku wetu mwekundu alilidonoa akalimeza.

Mimi nilicheka. Tantine Béa hakucheka.

Tantine Béa alikuwa dada mkubwa wa papa. Alihamia kwetu baada ya kufiwa na mume, na kabla ya hapo alikuwa amezika watoto wawili. Sitaki mtu amfikirie vibaya tangu sasa. Ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi bila kuniumiza, ndiye aliyeniwekea ukoko wa bukari, ugali wetu, kwa sababu alijua naupenda. Lakini asubuhi ile alisimama mlangoni na bakuli mkononi, akamtazama kuku, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu Hervé, aliyekuwa bado ananyonya, alishikwa na homa.

"Mama Ngalula, unaona?" Tantine alimwambia mama. "Jino ya mukubwa inarudi, mudogo anaungua."

"Iko malaria tu, yaya," mama alisema, akimheshimu kama dada mkubwa.

"Hata malaria kuko mwenye kuituma."

Papa alikuwa kazini Kambove, mgodini, na akirudi nyumbani mara chache. Asipokuwepo, neno la dada yake lilikuwa neno lake. Mama alikuwa ameolewa katika nyumba ile. Alijua mpaka wake ulipo. Alimfunga Hervé mgongoni akampeleka hospitali, na alipolazwa naye huko, mimi nikabaki na Tantine.

Hakunipiga. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii hungoja kusikia kipigo. Alihamisha mkeka wangu akaupeleka depo, kile chumba kidogo tulichowekea makaa na magunia ya unga, akanifunga kitambaa mdomoni, kwa upole kama mtu anayefunga kidonda.

"Usifungue kinywa mbele ya bantu," alisema. "Mupaka siku mama wa maombi atakuja. Yeye atajua kitu iko ndani yako."

"Tantine, nilifanya nini?"

"Sijue. Ndiyo maana tunamungoja."

Mama wa maombi alikuwa mwanamke aliyeitwa majumbani kuwatambua watoto wachawi. Shule ikakoma. Depo ilikuwa na dirisha dogo la wavu, na kupitia hapo niliona kipande cha lupango letu, yaani kiwanja cha nyumba: bomba la maji, kamba ya nguo, mguu wa ukuta na lango. Rafiki yangu Solange alikuja kuniita siku moja. Nilisikia Tantine akimwambia kwamba ninaumwa. Kesho yake Solange alipita tena nje ya lango na mama yake, na nikamwona mama yake akimvuta mkono ili apite haraka. Nikajua habari imeshatoka.

Nilikuwa na akili za kitoto, lakini hesabu hii niliiweza: Hervé akipona, mama wa maombi atasema nguvu zangu zimefungwa; Hervé akizidiwa, atasema nguvu zangu zimezidi. Katika yote mawili, mimi ndiye niliyekuwa ndani ya depo.

Na ndipo jino la pili, jirani na pengo, likaanza kucheza.

Nililigundua nikitafuna. Jino likitoka sasa, nani atanitetea? Basi nikaanza kulilinda. Nilimumunya bukari mpaka ukayeyuka. Nililala nimelishika kwa ulimi lisichomoke. Tantine aliponiletea chakula na kunifungua kitambaa, nilijibu kwa kichwa tu, naye alizidi kunitazama, kwa kuwa mtoto aliyekuwa kasuku sasa hasemi. Kila nilichofanya ili kujiokoa kilinifanya nionekane na hatia.

Jambo baya zaidi lilikuwa ndani yangu mwenyewe. Nilianza kujichunguza. Hervé alipozaliwa si nilikasirika? Si nilitamani arudishwe alikotoka, ili mama anibebe mimi? Nilitamani, ndiyo. Peke yangu katika harufu ya makaa nikaona kwamba labda Tantine anasema kweli, labda kuna kitu ndani yangu kinachofanya kazi bila mimi kukiamuru. Nikashika kitambaa mdomoni nikakikaza.

Kaku alikuja mchana mmoja. Alikuwa ametoka hospitali kumwona mjukuu, na mama, aliyeshindwa kumkabili wifi yake, alikuwa amemweleza mamake yote. Nilisikia sauti yake uani, ya chini, ya adabu, kwani ile haikuwa nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya mkwe.

"Mama Béa, unisamee. Minaomba kumuona mutoto."

"Mama, huyu mutoto jino yake ilirudi."

"Minasikia. Ni mimi nilibafundisha hii kitu ya jino. Kama iko kosa, tuanze na mimi."

Kisha komeo likavutwa.

Mwanga uliniumiza macho. Kaku alinitoa kitambaa, akashika kidevu changu, akanifunua mdomo kama alivyofanya siku zote. Nilitikisa kichwa, machozi yakinitoka, lakini kidole chake kilishaligusa.

"Mwana wanyi, mwanangu," alisema, "unalichunga hili?"

Nikaitika.

Alichomoa uzi kwenye pindo la kitenge chake, akalifunga, akalivuta. Halikuuma. Akaniweka mahali palepale uani, akanipa jino. Tantine alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Nilisema maneno kwa sauti isiyosikika, nikarusha. Likagonga bati, likateleza, likaanguka.

Kaku aliliokota kabla kuku hajafika.

"Tena," akasema.

Likaanguka tena.

Kaku alilitazama paa kwa muda mrefu, mkono juu ya macho. "Mama Béa," akasema, "wakati yetu nyumba ilikuwa ya nyasi. Jino inaingia mule, inalala. Hii bati ni ya kuteremuka. Wapi jino itakaa?"

Kaku akasogea ukutani, mahali bati mbili zilipokutana na jiwe limewekwa juu kuzuia upepo, akanyoosha mkono na kurusha mwenyewe. Jino likanasa nyuma ya jiwe. Tukangoja. Halikurudi.

Jioni Tantine alirudisha mkeka wangu chumbani. Mama wa maombi aliambiwa asije. Hervé alitoka hospitali baada ya sindano zake, amekonda, analia kwa nguvu, na Tantine alimpokea mikononi akalia naye. Akaniita, akanikumbatia pamoja naye. "Unaona?" akasema juu ya kichwa changu. "Jino imekaa, mutoto amepona."

Miaka mingi nilisimulia habari hii kama ushindi wa Kaku. Siku hizi siisimulii hivyo. Kaku aliona mteremko wa bati, na hilo ni kweli. Lakini kilichofanya mlango wangu usifungwe tena ni kwamba Hervé alipona. Tantine hakuacha kuamini. Aliamini vilevile, ila safari hii imani yake ilikuwa upande wangu. Leo Hervé ni mwanamume mrefu, anaendesha teksi kati ya uwanja wa ndege wa Luano na mjini, hunipigia simu kuulizia watoto, wala hajui hata kidogo jinsi uhai wangu ulivyotundikwa kwenye homa yake. Sijawahi kumwambia. Huwa namfikiria mtoto mwingine, mwenye pengo kama langu na bibi kama wangu, ambaye mdogo wake hakupona. Huyo hana wa kumwita ashuhudie kwamba hana hatia.