Chumvi Kwenye Pindo la Khanga

Mama alimlea digidigi yule pamoja na mbuzi wake, kijijini kwetu, nje kidogo ya Buigiri. Alimkuta shambani wakati wa kupalilia, mdogo, miguu kama njiti za kiberiti, akadhani ametupwa na mama yake. Kumbe digidigi humficha mwanawe majanini, kisha humrudia. Hilo tulikuja kuelezwa baadaye, tukiwa tumeshaharibu. Mama akamtia zizini, akamnyonyesha kwa mbuzi aliyefiwa na mtoto. Jioni, kama wafugaji wote wa kwetu, aliwaita mbuzi kwa kupiga ulimi mara tatu, akawalambisha chumvi kiganjani. Digidigi naye akajifunza kupanga foleni.

Askari wa wanyamapori alipopata habari, alikuja kumchukua, akampeleka kwenye kituo cha kutunza wanyama. Mama alilia siku mbili. Mimi niliudhika, maana nilipohamia mjini hakunililia hivyo.

Baada ya miezi kadhaa nikampeleka mama akamwone. Mhudumu wa kituo, bwana wa makamo, mpole, alimpa mama shikamoo yake, kisha akanigeukia mimi. Alisema digidigi ametengwa na watu tangu afike, hata majani analetewa kwa kificho. Ijumaa ataachiwa porini, mradi leo, katika jaribio la mwisho, asiifuate sauti ya mtu.

"Anayefuata watu hatumwachii," alisema. "Huyo ni kitoweo jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo mwambie mama, tukifika pale, hata kukohoa hapana."

Kiswahili cha mama ni cha kuulizia bei ya karanga soko la Majengo, hakivuki hapo. Ilinipasa kumtafsiria yote kwa Kigogo. Lakini jua lilikuwa kali, nimechoka kusema kila jambo mara mbili, na mama si mtu wa makelele. Nikamwambia tu, "Haya, twende tukamwone."

Tulijibanza nyuma ya turubai lenye matundu. Digidigi alikuwa chini ya mgunga, masikio yamesimama, mnyama wa porini kabisa. Mhudumu alitabasamu. Hata mimi nilifurahi, nikaona angalau kitu kimoja cha kwetu kitapona.

Mama aliweka jicho kwenye tundu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto hapaswi kusahau: mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Pale alikuwa anatazama ukungu. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga, ambalo tangu asubuhi nilidhani ni ugoro wake, akamimina chumvi kiganjani, akapitisha mkono chini ya turubai. Kisha akapiga ulimi mara tatu.

Digidigi alikuja mbio.

Mhudumu alifunga daftari lake. Mama alikuwa anacheka, kiganja kikitekenywa.

"Hajanisahau," alisema kwa Kigogo. "Mwambie huyu bwana, mtoto hajanisahau."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

Siku hizi digidigi yuko kwenye banda la mbele, kando ya kibao kinachokataza watu kuokota watoto wa wanyama. Wanafunzi wanaoletwa kujifunza humnyooshea mikono, naye huilamba mmoja baada ya mwingine, akitafuta chumvi. Mhudumu aliniambia atafia humo. Najilaumu, na kujilaumu kwangu hakumfungulii mlango.

Mama hajui. Nilimwambia Ijumaa ile aliachiwa, na tangu hapo kila nikimpigia simu huuliza kama amepata mwenzake. Namjibu amepata. Wiki iliyopita akauliza kama wamezaa.

Nikasema ndiyo, mmoja.

Akaniomba nimfikishie yule bwana ujumbe: wakimkuta majanini peke yake, tafadhali, wasimwokote.